Kugeukia Ukuta

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimehamia nyumba kubwa. Miaka yote nilikuwa kwenye zile ofisi za bati nyuma ya bustani. Sasa nina meza ndani ya Ikulu yenyewe, katika chumba ambacho enzi za Gavana kilikuwa cha kuwekea kofia na miavuli ya wageni. Hakina dirisha, lakini mlango wake una kitasa cha shaba. Nimeufungua na kuufunga mara kadhaa bila sababu yoyote.

Kuna jambo moja limetokea. Nilikuwa napita ujia wa nyuma, ule unaounganisha jiko na ukumbi, nikitafuta chai. Nikakutana na mama wa usafi amebeba ndoo. Aliiweka chini, akageukia ukuta, mikono nyuma, akatulia tuli. Nikatazama nyuma yangu nione ni mkubwa gani anakuja. Hapakuwa na mtu. Mkubwa nilikuwa mimi.

Ningependa kuandika kwamba niliona vibaya. Niliona raha, tena nilipunguza mwendo ili raha isiishe upesi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Manyunyu tu, ya kuharibu nywele.

Alhamisi, 7 Machi

Wakati wa chakula nimewasimulia kisa cha mama wa usafi, nikimwigiza na kila kitu. Dada yangu mkubwa amecheka hadi akapaliwa. Baba hakucheka.

"Bado wanageuka?" akauliza.

Baba alikuwa mpiga nta katika nyumba hiyohiyo, tangu ujana wake mpaka Gavana wa mwisho alipofunga mizigo. Kazi yake ilikuwa sakafu ya mbao ya ukumbi mkubwa: kupiga magoti, kupaka nta, kusugua kwa kitambaa mpaka mbao zing'ae, na akifika mwisho anaanza tena mwanzo. Magoti yake mpaka leo yana sugu nyeusi, na akikaa chini lazima mtu amwinue.

"Ni mke wa Gavana aliyeanzisha," akasema. "Hakupenda kuona sura zetu kabla hajapata kifungua kinywa. Baadaye ikawa mchana kutwa. Unageuka, unashusha macho, unabana pumzi mpaka viatu vipite. Mimi wakubwa wote niliwajua kwa viatu na mwendo. Sura zao nilikuja kuziona kwenye gazeti." Akasukuma sahani. "Nilidhani waliondoka nayo hiyo, mama."

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Tangu nizaliwe hajaniita vingine.

Dada akasema ni adabu tu, kila nyumba ina adabu zake. Nami nikakubaliana naye upesi, maana nilikuwa bado na utamu wa Jumatatu.

Jumatano, 13 Machi

Mkuu wa Itifaki, bosi wangu, tunamwita Taratibu, ingawa si mbele yake. Hawezi kunywa maji bila kutaja taratibu za kunywa maji. Leo wakati wa chakula cha mchana wenzangu walikuwa wanatajiana baba zao. Wa mmoja alikuwa mwalimu, wa mwingine hakimu, wa Taratibu mwenyewe alikuwa mkaguzi wa shule. Ikafika zamu yangu.

Utotoni watoto wa mtaani walinikimbiza wakiimba kwamba baba yangu anamfulia Gavana chupi. Hakuwahi kufua chochote pale, lakini nenda kawaeleze watoto. Wimbo ule bado uko kichwani mwangu, na leo umeanza kuimba tena.

"Karani wa posta," nikasema.

Taratibu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Nikajimiminia maji.

Jumanne, 19 Machi

Mvua kubwa. Dari la ukumbi linavuja pembeni. Wameweka beseni.

Jumatano, 27 Machi

Taratibu kaniita. Kumetolewa wazo: wazee waliotumika katika nyumba hii enzi za mkoloni waalikwe. Waingie kwa mlango wa mbele, Mheshimiwa Rais awape mkono mmoja mmoja, wanywe chai bustanini kwenye majani, televisheni iwepo. Siku ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili.

"Wewe utawatafuta," akasema. "Halafu utawafundisha. Nimeambiwa wana tabia ya kugeukia ukuta. Hiyo isionekane, tafadhali. Itatuaibisha."

Nikauliza, na wafanyakazi wetu wa sasa je?

"Wale ni utaratibu wa ndani," akasema.

Nikaitikia. Nilipotoka pale akili yangu haikuwa kwa wafanyakazi. Ilikuwa kwa Baba. Nilikuwa nawaza nimwelezeje Taratibu kwamba karani wa posta alikuwa akisugua sakafu anayoikanyaga.

Jumanne, 2 Aprili

Nimempata mtunza bustani wa zamani na dereva mmoja asiyesikia vizuri. Mvua inanyesha kila alasiri.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nimekwenda kwa aliyekuwa mpishi mkuu. Tope mpaka kwenye vifundo, nikafika kama mtu aliyetoka kulima. Mzee ni mnene, mcheshi, anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipokuwa namweleza habari ya mwaliko, akawa ananikodolea macho.

"Ala! Wewe si binti wa Mpiga Nta? Una macho yake kabisa. Yule ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana!"

Dereva wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni, anasikia kila neno, na dereva yule ana mdomo kama redio.

"Umenifananisha, mzee wangu," nikasema.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akanitazama kwa makini zaidi.

"Inawezekana," akasema. "Tena inawezekana sana."

Njia nzima ya kurudi nimekaa nikitazama matone kwenye kioo cha gari. Uso ulikuwa unawaka moto. Nilijiambia ni joto la injini.

Jumapili, 14 Aprili

Mpishi amekuja nyumbani kwetu.

Nilikuwa naleta chai sebuleni nikamkuta amekaa karibu na Baba, wanacheka. Alinitazama, akainama kidogo, akasema, "Na huyu ndiye kitinda mimba? Shikamoo yake sijawahi kuipokea."

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema. Sauti ilikuwa ya kuku.

"Marahaba, mwanangu."

Hakusema zaidi. Kanisitiri ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mbele ya baba yangu, na mimi nikammiminia chai. Sijui kama nimewahi kujiona mdogo kuliko pale.

Akamweleza Baba habari ya Ikulu. Alidhani Baba kaalikwa wa kwanza, kwa vile binti yumo humo humo. Baba akaweka kikombe chini.

"Mtaingilia mlango gani?"

"Wa mbele, ndugu yangu."

"Wa mbele!" Baba akajipiga paja. "Kumbe mtapita juu ya sakafu yangu na viatu!"

Wakacheka mpaka machozi. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, Baba akiwa bado na kicheko usoni. Hakuuliza kitu. Ningeweza kusema pale pale kwamba naye yumo. Ilitakiwa neno moja tu.

"Nafasi zilikuwa chache," nikasema. "Zimejaa."

"Aa, basi," akasema Baba. "Si neno, mama. Nyumba ile naijua, nimeiona yote kuanzia chini." Akamwomba Mpishi amsogezee sukari.

Hakuna aliyesema nafasi chache. Taratibu mwenyewe analalamika kwamba wazee hawatoshi kwa picha.

Alhamisi, 18 Aprili

Baba amekwenda kunyoa. Hajasema kwa nini.

Jumamosi, 20 Aprili

Baba amepaka viatu vyake rangi, akaviweka dirishani vikauke. Dada kanikata jicho. "Hata kiti kimoja, kweli?" Nikamwambia haelewi mambo ya ofisi.

Jumatatu, 22 Aprili

Mazoezi. Wazee saba wamepangwa mstari ukumbini. Taratibu alipoingia akijifanya Rais, watano waligeukia ukuta kama waliovutwa na kamba. Tukarudia mara nyingi. Niliwashika mabega mmoja mmoja, nawageuza mbele: "Hapana, wazee wangu, sasa ni wakati wetu, mtazameni usoni." Nilikuwa nalisema hilo wakati mama wa usafi amesimama kwenye pembe, uso ukutani, anangoja Taratibu atoke ili amwage maji ya beseni.

Mpishi hakugeuka hata mara ya kwanza. Alikuwa ananitazama mimi.

Jumatano, 24 Aprili

Baba hajauliza.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Baba hajauliza.

Jumapili, 28 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika yote, hata kama mkono hautaki.

Mvua ilianza Jumamosi kabla hakujapambazuka. Nilitoka nyumbani mbiombio na mabuti ya mpira, nimefunika kichwa kwa mfuko. Nilipofika, majani ya bustani yalikuwa ziwa. Sherehe ikahamishiwa ukumbini, mafundi wa televisheni wanavuta nyaya juu ya ile sakafu, Taratibu anafoka. Katikati ya vurugu hiyo nikagundua kwamba viatu vyangu vya sherehe nimevisahau nyumbani. Nimevaa gauni la bluu na mabuti yenye tope, na saa moja baadaye natakiwa nisimame hatua mbili nyuma ya Rais nikimtajia majina ya wazee.

Mlinzi wa lango la nyuma akapiga simu. "Kuna mzee hapa, anasema ameleta viatu vya binti yake."

Ninaapa kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Cha pili kilikuwa hofu, na kikakimeza cha kwanza.

"Pokea viatu," nikasema. "Mzee arudi nyumbani."

"Lakini amelowa chapachapa, dada."

"Nimesema arudi."

Mlinzi yule ana utu kuliko mimi. Hakumrudisha. Alimwingiza ndani ajikinge mvua, akamwambia asubiri ujiani. Mimi sikujua. Nilishuka kufuata viatu, na Taratibu akanifuata nyuma akinisomea mabadiliko ya ratiba, pamoja na mama mmoja kutoka wizarani aliyepaka marashi ya kukata pumzi.

Tukakata kona. Baba alikuwa katikati ya ujia. Amevaa koti lake la siku kuu, limelowa, linamshika mabegani. Viatu vyake vile alivyovipaka rangi vilikuwa tope tupu. Mkononi ameshika mfuko. Aliniona. Nilimwona akianza kutabasamu. Kisha akawaona walio nyuma yangu, akanitazama tena usoni, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini tabasamu lile likakatikia njiani.

Akageukia ukuta.

Aligeuka vizuri, bila haraka, kama mtu anayejua kazi yake. Akapeleka mikono nyuma, mfuko ukining'inia. Akashusha kichwa. Nikaona mgongo wake ukitulia, nikajua amebana pumzi.

"Huyu nani?" Taratibu akauliza.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Sitaki kujidanganya kwamba mambo yalikwenda upesi.

"Ni mtu aliyeleta viatu vyangu," nikasema.

"Kumbe hata watu wa nje wanajua adabu za nyumba hii," akasema Taratibu, amefurahi. Yule mama wa wizarani akacheka.

Nikauchukua mfuko kutoka mikononi mwake, kwa nyuma. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikasema, "Asante, mzee."

"Naam, bibi," akauambia ukuta, kama anayemjibu mke wa Gavana.

Tukapita.

Viatu vilikuwa vimefungwa kwa gazeti, vikavu, vimesuguliwa mpaka naona taa za dari ndani yake. Ni viatu vya mtumba nilivyonunua mwaka jana, havijawahi kung'aa hivyo. Nilivivaa nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha kofia, na nilichotamani ni ardhi ipasuke, lakini ardhi ya nyumba ile ni imara sana.

Rais alikuwa mkunjufu. Wazee wote walimtazama usoni kama nilivyowafundisha. Akafika kwa Mpishi, wakaongea habari za mapishi, wakacheka. Halafu Rais akatazama chini.

"Sakafu hii bado ni ya zamani ileile?"

"Ileile, Mheshimiwa."

"Nani alikuwa anaishughulikia? Yupo hapa?"

Nilikuwa hatua mbili nyuma. Mpishi alitazama viatu vyangu. Aliijua mikono iliyovisugua, nina hakika. Kisha akapandisha macho polepole mpaka usoni kwangu, na akangoja. Kila mtu alidhani mzee anajaribu kukumbuka. Alikuwa ananipa nafasi, na nafasi ile ilikuwa ndefu.

Nilitazama orodha mkononi kama vile jibu limo humo.

"Huyo mwenzetu, Mheshimiwa," akasema Mpishi, "hakupata mtu wa kumleta."

"Pole yake," akasema Rais, akasogea kwa mtunza bustani.

Niliporudi jioni Baba alikuwa kitandani, anakohoa. Dada hakunisemesha. Nilikaa nje ya mlango wa chumba chake na chai mpaka ikapoa, nikaimwaga.

Jumatatu, 29 Aprili

Kikohozi kimepungua. Amenisalimu kama kawaida. "Umeamkaje?" Nilisubiri amalizie na lile neno lake, "mama". Halikuja.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi natoka bafuni, Baba anakuja kutoka chumbani kwake. Ujia wa nyumba yetu ni mwembamba, watu wawili hawapishani bila kugusana. Akasimama, akageukia ukuta.

Nilidhani anatania. Nikasema, "Baba." Hakujibu. Nikapita, kwa kuwa sikujua la kufanya. Gauni langu la kulalia liligusa mgongo wake.

Ijumaa, 3 Mei

Amegeuka tena. Dada kaona safari hii. Alinivuta jikoni. "Umemfanya nini baba yetu?" Nikamweleza yote, tangu karani wa posta. Nilitarajia atanitukana, na ningeshukuru. Alikaa juu ya debe la maji akaanza kulia.

"Asubuhi ile," akasema, "aliona viatu chini ya kiti kabla yangu. Nikamwambia tutafute mtu wa kumpeleka. Akasema, 'Acha niende mwenyewe, nikaone walivyoitunza.'"

Jumatatu, 6 Mei

Nimepiga moyo konde, nimeingia kwa Taratibu. Nilikuwa nimekariri usiku kucha. Nikamwambia baba yangu hakuwa karani. Alikuwa mpiga nta wa ukumbi huu, na yule mzee wa viatu ndiye yeye.

Nilikuwa tayari kwa lolote: dharau, kurudishwa kwenye bati, kicheko. Taratibu aliweka kalamu chini, akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Sasa si ungesema tu?" akasema. "Tulikuwa tunahangaika na viti vitupu. Tungempa cha mbele."

Basi. Akaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo hakuna aliyenitisha. Hakuna aliyenikataza. Hata yule niliyemwogopa hakuwa na habari. Baba yangu aligeukia ukuta kwa ajili ya watu ambao wasingejali kumwona, na aliyemgeuza nilikuwa mimi peke yangu.

Jumanne, 7 Mei

Mama wa usafi aligeuka nilipopita. Nikamwambia, "Mama, kwangu usigeuke tena, tafadhali." Akasema bila kunitazama, "Sawa, bibi." Saa sita nikapita, akageuka.

Nikamuuliza kwa nini.

"Leo wewe unaniambia nisigeuke," akasema. "Kesho ukiamka vibaya, nitajuaje? Acha nigeuke, ndiyo salama yangu."

Nikampisha apite na ndoo yake.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua imeanza kupungua. Nimemwomba Baba twende Ikulu, mimi na yeye, kwa mlango wa mbele. Taratibu amekubali. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Sakafu niliiona kupitia upenyo wa mlango," akasema. "Wanaipaka rangi ya kung'arisha siku hizi. Si nta. Lakini mbao bado nzuri." Akasugua goti. "Nimeshaiona, bibi. Inatosha."

Nilikwenda kulia bafuni, nikafungua bomba ili Dada asisikie. Alisikia.

Jumatano, 15 Mei

Jua. Dada ametoa magodoro nje.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi hii natoka chumbani, Baba anakuja na mswaki mdomoni. Akasimama. Akageukia ukuta.

Sikupita. Siku zote nilikuwa napita, kwa haya, ili jambo liishe. Leo miguu ilikataa. Nikasogea mpaka kando yake, nami nikageukia ukuta, mikono nyuma, macho chini, kama nilivyowakataza wazee wale saba. Nikabana pumzi. Sikuwahi kuuona ukuta wetu kwa karibu hivyo. Rangi imebanduka, chini yake kuna rangi nyingine ya kijani ambayo naikumbuka kutoka utotoni. Nilisikia Baba anapumua kwa pua, kwa sababu ya mswaki.

Nilitaka kumwomba radhi, lakini kila neno nililolishika lilikuwa dogo.

Dada akatokea na beseni la nguo. Akasimama.

"Nyie mmepoteza nini hapo ukutani?"

"Tunangoja mkubwa apite," akasema Baba, povu la dawa ya meno mdomoni.

"Mkubwa gani humu ndani?"

"Basi pita wewe."

Dada akapita, na beseni lake, akitubana wote wawili, huku akinung'unika kwamba nyumba hii imejaa wendawazimu na yeye peke yake ndiye anayefua. Mlango wa nyuma ukajifunga.

Nikasikia Baba anageuka. Mimi nilibaki nimeugeukia ukuta ule. Nilijua amesimama ananitazama, na sikuwa na uso wa kumwonyesha. Kisha nikausikia mkono wake begani, ule mkono mgumu wa kitambaa na nta.

"Wamekwisha pita, mama," akasema. "Geuka."

Niligeuka, lakini si mara moja.